Hujambo, Kila Dakika Tano

Saa nane usiku, Gyumri, baridi imeng'ata hadi vioo.
Hrachik wa zamu anapiga simu: "Zaruhi, ruta imepanda tena.
Asilimia tisini na tisa."
Navaa koti juu ya nguo za kulalia.

Chumba cha mitambo kiko chini ya duka la viatu,
kuta za mawe meusi, feni zinahema.
Kwanza nikatazama nje, kama tufanyavyo sote:
nikashuku mwizi, nikashuku mafuriko kutoka mbali,
nikashuku kebo ambayo panya waliionja mwezi wa kumi.
Kebo nzima. Lango shwari. Mji umelala,
labda vijana watatu wanapigana vita vya kwenye skrini,
na mwanamke mmoja wa mtaa wa juu anaongea na mwanawe Novosibirsk,
sauti inakatika: unanisikia? unanisikia?

Nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikahesabu.
Inapanda. Inakaa huko dakika mbili na ushee. Inashuka.
Inapanda.
Ugonjwa wenye saa mkononi si ugonjwa,
ni mgeni mwenye ratiba.

Nikaiomba orodha ya kazi zake, nani anakula nini.
Juu kabisa: kujibu maswali ya hali.
Yaani mashine yetu ya ufuatiliaji,
niliyoipigania mimi mwenyewe kikaoni, Machi,
baada ya siku ile tuliyozimika saa sita nzima bila habari.
Kila dakika tano inabisha hodi:
hujambo? Feni hazijambo? Joto je?
Na njia zako? Zote. Nitajie moja moja,
kuanzia namba ndogo hadi kubwa, usiruke.

Nayo ruta haiziweki njia zake hivyo.
Inaziweka kama mpishi anavyoweka viungo,
pale mkono unapofika haraka.
Basi kila ikiulizwa inamwaga kabati zima sakafuni,
inapanga upya njia elfu arobaini na moja,
inajibu "sijambo" huku inatweta,
na kabla haijafunga mlango wa kabati,
hodi.

Kikulacho ki nguoni mwako;
na hii nguo niliishona mwenyewe.

Lakini hesabu ilikataa. Maswali yalikuwa mara mbili.
Anwani ya pili sikuijua. Nikaifuata swichi kwa swichi,
kebo ya kijivu, hadi chini ya ngazi, nyuma ya maboksi ya mabuti:
kompyuta ya Vardges, vumbi nene kama manyoya.
Vardges aliyehamia Lyon, mwaka wa tatu huu,
aliyeahidi kuandika.
Taa yake ya kijani bado inapepesa. Inauliza,
inapokea jibu, inachora michoro
ambayo hakuna aliyewahi kuifungua.

Kidole changu kilikaa kwenye kitufe cha kuzimia
muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Kisha nikarudi kwa ruta, nikaiwekea mpaka:
huyu aliyebaki aulize joto, feni, milango;
jedwali la njia asiliguse.
Na aje kila robo saa, si kila dakika tano.
Asilimia kumi na mbili.
Hrachik akasema, "Umefanya nini?"
Nikasema, nimeacha kuiuliza.

Mama ametoka hospitali juzi, na nyonga mpya.
Jana nilimpigia mara kumi na moja.
Ya kumi na moja hakusubiri salamu:
"Binti, simu iko ukumbini.
Kila unaponiuliza kama nimepumzika
nainuka kitandani nije nikujibu."

Saa moja asubuhi, theluji imeanza tena.
Namba yake iko chini ya kidole gumba.
Nairudisha simu mfukoni, nanunua mkate ungali moto,
ufunguo wa kwake ninao.
Nitaingia kwa soksi.
Kama amelala, nitamwona amelala.